Si Hapo, Mama. Hapa.

Jumatatu, 3 Juni

Shemeji amekuja asubuhi, hata chai sijamaliza. Ovaroli ya buluu, imepigwa pasi. Mtu gani anapiga pasi ovaroli? Amelizunguka gari mara mbili, mikono nyuma, kama daktari aliyekwisha kukata tamaa. Kisha akasema yake. Bodi lile la gari alimpa dada yake, hakunipa mimi. Miaka kumi na mmoja limekaa juu ya vigogo. Dada yake amelala kaburini, mwezi wa nne huu, na hakulipanda barabarani hata siku moja. Sasa basi. Jumamosi saa kumi alasiri litoke getini kwa injini yake lenyewe, lifike kwenye tangi la maji kule juu ya mlima. Lisipofika, anakuja na gari la kuvuta, analipeleka gerejini kwake. Atalipiga msasa lote, ndani na nje, alianze upya.

Ndani!

Nikamwambia asijisumbue, limebaki kidogo tu. Akacheka kwa pua. Akasema hicho kidogo changu anakijua tangu yeye ana nywele.

Ndani hapigi mtu msasa. Juu ya dashibodi kuna duara la kikombe cha mama watoto. Alikuwa akikaa kiti cha abiria, kikombe pale, taa ya waya mkononi, ananimulikia. Chumba changu cha kazi hakina dirisha. Bila taa huoni spana hata saa sita mchana. Gari alilipa jina, Bwana Kesho. Kila akiamka: Bwana Kesho kaamkaje? Hakuomba mengi. Alitaka nimfikishe tangini tu, ayaone mapaa ya nyumba akiwa ameketi. Nikamwambia wiki ijayo.

Alikuwa na kasoro moja. Hakujua kumulika. Mimi nafungua boliti hapa, yeye anamulika kule. Miaka kumi na mmoja nasema: si hapo, mama, hapa.

Shemeji alipoondoka nilikuta taa imetoka kwenye msumari wake ukutani, imelala kwenye kiti cha abiria, inawaka. Sikumbuki kuiweka pale. Sikumbuki kuiwasha. Mpini ulikuwa na joto, lakini si joto la balbu. Joto la kiganja.

Nimeirudisha msumarini. Msumari umelegea, bila shaka.

Jumanne, 4 Juni

Mpango! Nimeupata nikinyoa ndevu, nusu uso.

Kufika tangini hakutoshi. Lazima shemeji aumwe roho. Ana gari lake la zamani, analitembeza kila Jumamosi amevaa glavu nyeupe. Limeshushwa, linapita kama paka anayewinda. Langu litashuka zaidi! Ekseli ya nyuma nitaifunga juu ya springi badala ya chini yake. Gari litainama shubiri nzima. Shemeji ataona, atameza mate.

Nikamwita mchomeleaji aongeze vikalio vipya vya springi upande wa chini wa ekseli. Ekseli ilikuwa sakafuni. Nilikuwa nimeibiringisha mara nyingi kuisafisha. Nikaandika kwa chaki: CHINI. Mchomeleaji akauliza kama mzee nina hakika huku ndiko chini. Nikamwambia nimeishi na ekseli hii miaka kumi na mmoja. Akashusha kinyago, akachoma.

Taa niliitundika juu ya maandishi yangu. Nikigeuka, imehamia upande wa pili, inamulika boliti ya kutilia oili, isiyo na kazi yoyote leo. Nikairudisha. Ikahama. Upepo hakuna, mlango tumeufunga. Nikasema kwa mazoea tu: si hapo, mama, hapa.

Mchomeleaji alipomaliza aliinua kinyago, akasema kwa adabu nimwambie mama anayeshika taa asitazame moto kwa macho matupu, yatamwasha.

Nikamwambia humu tupo wawili. Akakitazama kiti cha abiria kwa muda. Kisha akakusanya vifaa vyake haraka, akasahau glavu moja.

Alipokwisha kwenda nilimwambia mama. Asitazame moto. Macho yake ni mepesi; alilia hata kwa vitunguu vya jirani.

Jumatano, 5 Juni

Ekseli imepanda! Jeki mbili, vigogo vinne, na maneno ambayo sitayaandika. Hata juu ya vigogo, gari limeinama kama mtu aliyeshiba.

Saa nne nzima nilikuwa tumboni mwa gari, na taa haikunipa raha. Mimi nafunga boliti za springi, yenyewe inamulika difu, lile bonge la katikati linalopeleka nguvu kwenye magurudumu. Duara la mwanga katikati kabisa, limetulia kama kidole. Nimeisogeza mara tisa. Mara ya tisa nikasikia kiti cha abiria kinalia juu yangu, ule mlio wake wa mara mbili, mtu anapohamisha uzito. Nikasimamisha spana. Nacho kikanyamaza.

Mchomeleaji amerudia glavu yake. Alisimama mlangoni, hakuingia. Akasema mtaa mzima hauna umeme tangu asubuhi, kazi zake zote zimelala, anashangaa mimi naonaje humu. Halafu akaiona taa. Akaondoka. Glavu ingali hapa.

Nimeufuata waya kwa vidole. Unapita chini ya benchi, nyuma ya makopo ya rangi, mpaka kwenye plagi. Plagi imelala sakafuni, hatua mbili kutoka ukutani.

Nilikaa chini kidogo. Nikasema asante. Lakini niseme kweli, mtu anayeweza kuwasha taa bila umeme anashindwa nini kumulika boliti?

Alhamisi, 6 Juni

Binti yetu amekuja na hotpoti la chakula. Anasema nimekonda, nihamie kwake, chumba kipo. Nikamwambia baada ya Jumamosi. Akasema, baba, unaongea kama Bwana Kesho mwenyewe. Tukacheka wote wawili. Kisha kila mmoja akaangalia upande wake.

Akajitolea kunimulikia. Anamulika vizuri mno! Penye boliti, mwanga upo. Nikihama, anahama. Kazi ya saa mbili imekwisha kwa nusu saa. Sikupata hata neno moja la kulalamika. Nimeichukia kila dakika yake.

Mara akaniuliza, sauti ya chini, kwa nini ukutani kuna vivuli vitatu. Nikamwambia taa za waya ndivyo zilivyo. Akahesabu tena kwa kidole. Cha tatu kilikuwa kimeketi. Akaiweka taa sakafuni, akasema amekumbuka kuna sufuria ameacha motoni. Kwake ni mwendo wa dakika arobaini. Sufuria gani hiyo?

Amenikumbatia sana kabla ya kwenda. Na kwa sababu fulani, akaaga mara mbili.

Difu inadondosha oili kwenye tundu lake la kupumulia. Ajabu. Tundu hilo huwa juu, sasa liko chini. Nimeliziba kwa kipande cha sabuni.

Ijumaa, 7 Juni

INJINI IMEWAKA! Mara ya kwanza ilikohoa, ya pili ikapiga chafya, ya tatu ikanguruma mpaka vumbi la dari likanimwagikia kichwani. Gari lingali juu ya vigogo. Nikatia gia ya kwanza, magurudumu ya nyuma yakazunguka! Nikashuka, nikacheza. Mtu wa miaka sitini na miwili, peke yangu, spana mkononi.

Taa ilikuwa imeshuka mpaka sakafuni. Inamulika gurudumu la nyuma, inatingishika. Nikadhani nayo inacheza. Gurudumu linazunguka, mtu anataka nini zaidi?

Kisha jambo moja. Nilipoketi kwenye usukani, lile duara la kikombe juu ya dashibodi lilikuwa limelowa. Nikaligusa. Vuguvugu. Nikaonja kidole. Chai, sukari vijiko vinne, kama yake. Daktari alimkataza sukari hiyo. Nimemsema kidogo, si kwa ukali.

Nilibaki pale mpaka pakakauka. Nikawa nawaza. Shemeji akilipiga msasa gari hili, yeye atakaa wapi?

Gari nimelishusha chini. Liko tayari. Pua inaangalia geti.

Jumamosi, 8 Juni

Saa kumi kamili shemeji yuko getini, glavu nyeupe, gari la kuvuta nyuma yake linaunguruma. Binti yuko kando ya barabara, mikono kifuani. Mimi nimevaa shati la mistari alilolipenda mama. Taa nimeiweka kiti cha abiria, waya umekunjwa vizuri mapajani pake, yaani pa kiti.

Nikawasha. Gia ya kwanza. Nikaachia klachi kwa madaha.

Gari likarudi nyuma. Likaingia kwenye rafu. Makopo saba ya rangi yakashuka juu ya paa moja moja. Nikatia gia ya pili. Likairudia rafu kwa hasira zaidi.

Shemeji akapaza sauti: "Tangi liko huku, shemeji!"

Nilikaa nimeushika usukani. Jasho. Nikamwona dereva wa gari la kuvuta anakunjua mnyororo. Hapo taa ikajiwasha pale kitini. Mwanga haukuja usoni kwangu. Ulilala juu ya kirungu cha gia, penye alama ya rivasi.

Mdomo ulikwisha kufunguka: si hapo... Sikumaliza. Labda kwa sababu watu walikuwa wanaangalia. Nikatia rivasi.

Bwana Kesho akaenda mbele.

Tukatoka getini mwendo wa bibi harusi. Taa nyeupe za rivasi zinawaka nyuma, gia inalia wiii kama mbu mkubwa. Shemeji akatembea kando yangu, mikono nyuma, anasikiliza. Fundi yule. Hatujapita nyumba ya pili akainama, akachungulia chini ya gari. Alicheka mpaka akakaa barabarani na ovaroli yake ya pasi, akawa anapiga lami kwa glavu nyeupe. "Shemeji! Ekseli umeifunga kichwa chini! Una gia nne za nyuma na moja ya mbele!" Sikusimama. Kusimama mlimani na breki zile, nani anathubutu?

Tulifika tangini.

Mapaa yote yalikuwa chini yetu, jua la jioni limeyalalia. Pembeni yangu kiti kikalia mara mbili. Sikugeuka. Shingo ilikataa. Nikasema tu: haya, mama, tumefika. Kioo cha upande wake kikafanya ukungu, kiduara kidogo, kama mtu amesogeza uso karibu. Ukungu ukapotea. Ukarudi. Ukapotea. Ukarudi. Tulikaa hivyo kitambo.

Shemeji akafika anahema, bado anacheka. Akafungua mlango wa abiria apande turudi. Akasimama. Kicheko kikamtoka usoni. Akaufunga mlango taratibu, kama mtu anayetoka chumba cha aliyelala, akasema: "Samahani, dada." Akaketi kiti cha nyuma.

Tumeteremka kinyumenyume mpaka nyumbani. Gari la kuvuta shemeji amelirudisha tupu.

Jumapili, 9 Juni

Shemeji amepita, leo amevaa shati la kawaida. Amesema maneno mazuri. Gari litabaki hapa, na ndani lisiguswe na msasa, wala wake wala wa mtu. Ila ekseli ile tuigeuze. Aje kesho, kazi ya asubuhi moja. Nikamwambia nitafikiria.

Nimefikiria. Kwa nini niseme nimekosea? Gia nne ninazo, zote nzima. Gari halina kosa. Viti ndivyo vinavyoangalia upande usiofaa. Nitavigeuza! Usukani niuhamishie kwenye kioo cha nyuma. Kioo kile ni kipana, mama atayaona mapaa vizuri zaidi. Jumamosi ijayo napanda tangini kwa gia ya tatu, nimevaa glavu. Ninayo moja, ya mchomeleaji. Na upande wa pili wa tangi kuna mteremko mrefu, umenyooka. Pale natia ya nne. Shemeji atakufa kwa wivu.

Nimeanza kufungua boliti za kiti changu. Taa haiko nami. Inamulika chini ya gari, kwenye bomba la breki, pale lilipojisokota ekseli ilipogeuka. Kuna tone linakua. Limedondoka. Linakua jingine.

Si hapo, mama. Hapa.

Nimeirudisha mara nne. Mara ya tano imejizima yenyewe. Amenuna. Sawa. Boliti zangu nazijua hata gizani.