Mkurugenzi Kwanza

Jumatatu, 3 Machi
Kiti cha msanifu mkuu wa mifumo ki wazi! Atakayepanga vizuri nyaraka na michoro ya mfumo wa malipo, nani aandikiwe nini na nani atangulie, ndiye atakayekikalia. Kila idara inataka yake kwanza. Mimi nimemaliza kabla ya chai. Nimepanga kwa vyeo: mkurugenzi juu, watu wa zamu ya seva chini kabisa. Mke wangu akauliza mkurugenzi ataufanyia nini mchoro. Atautazama, nikamjibu. Maskini, mambo ya ofisi hayajui.

Jumanne, 4 Machi
Mpinzani wangu, tunayemwita Bi Swali, hajachora hata mstari. Anazunguka idara zote na kikombe chake, akiuliza lilelile: "Usipoupata mchoro huu, kazi gani itakwama?" Wakaguzi wamekiri wanaweza kusubiri. Nimecheka mpaka basi. Lakini anavyosikiliza! Bwana wa mauzo alikuja amefura, akaondoka anashukuru, na hakupewa kitu. Kipaji hicho.

Jumatano, 5 Machi
Mchoro wa mkurugenzi tayari. Rangi saba, urefu wa meza ya mikutano. Kasema unapendeza, kisha akauliza juu ni upande upi. Dalili njema.

Alhamisi, 6 Machi
Mfumo umeanguka! Malipo yamesimama, simu zinalia kila kona. Nikakimbilia chumba cha seva na mchoro wangu. Ukakwama mlangoni. Kuufungua, seva zote ni wingu la bluu lililoandikwa "Mambo ya kiufundi". Kumbe Bi Swali alishawapa watu wa zamu ukurasa mmoja: kipi kinategemea kipi, kipi kiwashwe kwanza. Walimwambia wasipoupata huo, kampuni nzima italala, naye akawatanguliza. Wakaufuata kwa kidole, hatua kwa hatua, na malipo yakarudi. Nimepiga makofi mpaka viganja vimewaka. Yule mama anajua, jamani!

Ijumaa, 7 Machi
Kiti kapewa Bi Swali. Roho imeniuma, sitaki kudanganya, lakini ni haki yake. Nilipokwenda kumpa mkono akaniambia, "Na wewe kaka, usipopata nini kazi yako itakwama?" Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nusura nilie. Sasa nimemwelewa: siri yote ni kuuliza watu. Jumatatu naanza. Foleni ya kuulizwa nimeshaipanga, kwa vyeo. Mkurugenzi kwanza: rangi ya nane angependa iwe ipi?