Kumshinda Primus Hadi Tarakea

Desemba 20, Jumamosi

Kaka Primus amefika kutoka Dar. Gari jipya, jeusi, refu, vioo vya giza. Watoto wa jirani wamelizunguka hadi kuku wamekosa njia. Nikampa shikamoo. Akamgeukia Mama, akasema amwambie huyo kwamba marahaba. Huyo ni mimi, Wenseslaus, mdogo wake wa tumbo moja.

Mwaka mzima hasemi nami. Chanzo ni nyama. Kwetu mbuzi akichinjwa kila kipande kina mwenyewe, na Krismasi iliyopita fungu la mkubwa lilikaa kwenye jani la mgomba muda mrefu, mwenyewe yuko nje anapiga picha na gari. Nyama inapoa. Nzi wanakuja. Nikalihifadhi mahali salama, yaani tumboni. Hadi leo sijaelewa kosa liko wapi.

Mama ametangaza kwamba mwaka huu beberu hachinjwi mpaka wanawe wazungumze kama watu. Mama hatanii. Nimelala kitandani nikitafuta njia, na nimeipata. Nitashindana naye mbio.

Desemba 21, Jumapili

Misa ndefu. Primus benchi la mbele, mimi la nyuma. Nilipata nafasi ya kupanga.

Mpango unatoka kwenye Filamu. Tuliiona tukiwa wadogo, banda la video la hapa Mkuu, tumeingia kwa kiingilio cha maparachichi. Wazungu wawili, magari mawili, wanafukuzana nchi nzima. Hakuna bunduki. Hakuna busu. Karibu hawasemi lolote, ila yule jamaa wa Dar aliyeitafsiri aliona huruma, akawasemea mwanzo hadi mwisho, pamoja na kuwatukana mama zao. Watu walidai maparachichi yao wakatoka. Mimi na Primus tulibaki. Tukarudi kesho yake. Tulirudi mpaka mwenye banda akatupatia ile CD ili aondokane na sisi.

Salvina, mke wangu, huwa anauliza nini kinanipendeza humo. Nimemweleza leo tukitoka kanisani. Mwanzo hadi mwisho wa filamu ile hakuna mtu anayemuuliza dereva anaenda wapi. Hapa Rombo huwezi kwenda hata chooni bila kuulizwa unaenda wapi, mama hajambo, na mbona umepungua. Halafu kuna pale tairi la mmoja linapopasuka. Yule adui yake anasimama mbele, anazima injini, anamsubiri. Hamsaidii. Anamsubiri tu. Pale Primus alikuwa anageuza uso ukutani, anasema vumbi limemwingia.

Kwa hiyo hesabu ni rahisi. Nikimshinda Primus hadi Tarakea kule mpakani, itabidi aseme kitu. Hata tusi nitalipokea.

Salvina akaniuliza kwa nini nisimwombe tu msamaha. Wanawake hawaelewi magari.

Desemba 22, Jumatatu

Nimeanza kukaa kimya kama dereva wa Filamu. Macho mbali, taya limekaza. Salvina ameuliza kama ni lile jino. Mchana akaniletea maji ya chumvi.

Nimeikagua Corolla yangu. Ni gari zuri, tatizo ni maisha liliyopitia. Kiti cha nyuma nilikitoa ili mikungu ya ndizi ikae. Taa moja. Mlango wa abiria unafungwa kwa kamba ya katani. Kwenye mlima inapumua kama Mama akitoka mtoni. Lakini yule dereva naye gari lake lilikuwa bovu kwa nje.

Nimempelekea Primus changamoto kwa heshima, kupitia Mama. Mama amerudi na jibu kwamba Primus anasema mwambie huyo nyumba ya babu inavuja, apande juu akazibe.

Desemba 23, Jumanne

Mpango wa pili: kumchokoza barabarani. Katika Filamu unampita mtu kwa dharau, yeye mwenyewe anafuata.

Nikamngoja karibu na sokoni. Alipotokea nikamfuata, nikapiga honi, nikampita kwenye mteremko. Nilimtazama kwa dharau kubwa. Sikujua buti limefunguka. Ndizi zote chini! Primus alipita katikati ya mikungu taratibu sana, kama askofu, hakukanyaga hata moja. Hakuangalia pembeni. Akina mama wa sokoni walinisaidia kuokota, na walichelewa kunirudishia baadhi.

Nyumbani sikula. Sikuwa na hasira. Niliona tu kisogo chake kwenye kioo kile cha giza, nikakumbuka alivyokuwa ananibeba mgongoni kwenda banda la video matope yakiwa mengi. Nammisi kaka yangu, basi. Nimeandika, yamekwisha.

Desemba 24, Jumatano

Leo ndiyo leo. Primus anaenda Tarakea kununua mafuta na sukari ya sikukuu. Mimi niko barabarani mapema, kwenye tuta ambapo kila gari lazima lipunguze mwendo.

Tatizo likawa bendera. Katika Filamu mbio zinaanza mwanamke akipunga kitambaa cha kijani. Salvina alikataa kuja, ana ng'ombe wa kukamua, na kitenge chake cha kijani akakilalia kabisa. Nikaangaza macho. Kwenye uzio wa jirani kuna masale, majani marefu, kijani kizuri, yanapepea vizuri. Nikakata moja.

Primus akafika kwenye tuta. Nikamsogelea ubavuni, nikatoa mkono dirishani, nikalipunga isale mara kadhaa, nikalitupa juu ya boneti yake. Nikakanyaga mafuta.

Sijawahi kuendesha vile. Upepo, vumbi, kamba ya mlango inapiga kelele. Nilifika karibu na Usseri ndipo nikatazama nyuma. Hakuna mtu. Nimemshinda mbali mno! Nikasimama, nikazima injini, nikamsubiri kama inavyotakiwa. Nikasubiri. Ikanijia hofu kwamba amepata ajali, nikageuza gari.

Nilimkuta palepale kwenye tuta. Amesimama nje ya gari, ameshika lile jani kwa mikono miwili, analia. Watu wamejaa. Ndipo akili ikanirudia. Mchaga gani anayempa mwenzake isale bila kujua anachofanya? Ukipewa isale umeombwa msamaha, na hukatai, hata aliyekupa awe amekuchomea nyumba.

Primus akaniita Wense. Mwaka mzima sijaitwa Wense. Akasema amekuwa akipita kwenye uzio wa Mama kila jioni tangu afike, anataka kulikata yeye, ukubwa unamzuia. Akasema mdogo wake amemzidi utu.

Nilitaka kueleza kwamba ile ni bendera ya mashindano. Nilifungua mdomo. Bibi mmoja mwenye kikapu cha magimbi akanikanyaga mguu kwa makusudi. Nikaufunga mdomo, nikamkumbatia kaka yangu, na mimi nikalia vizuri tu.

Desemba 25, Alhamisi

Beberu amechinjwa. Kisusio cha damu ya mbuzi, mtori, mbege ya Mama. Kila mtu ananisifu kwa unyenyekevu. Nimeizoea sifa hiyo haraka.

Jioni tumeangalia Filamu na Primus. Bado anajua maneno yote ya yule mtafsiri, pamoja na matusi. Mama akauliza wale Wazungu wanaenda wapi. Tukajibu kwa pamoja kwamba hakuna anayejua. Akasema basi wangebaki kwao wakapalilia. Tairi lilipopasuka Primus akageukia ukuta. Sikumtazama, nilikuwa na vumbi langu.

Desemba 27, Jumamosi

Naandika nikiwa nimekaa kwenye jiwe, chini ya Usseri, kando ya mtaro. Gari la Primus limo mtaroni. Ni la kwake, ndiyo. Alikuwa amelala, funguo ziko mezani, na mtu aliyepatana na nduguye haombiombi funguo. Nilikuwa naenda vizuri kabisa mpaka kijana wa pikipiki, amebeba kochi, akanipita na kupiga honi. Huwezi kuachia kitu kama hicho. Bampa liko kwenye migomba ya watu.

Primus amepiga simu. Sijapokea. Sina wasiwasi hata kidogo, maana safari hii nimejua dawa yake. Hapa nyuma yangu kuna uzio wa masale. Nimebisha hodi, nikamwomba mwenye nyumba ruhusa kwa adabu. Ameniuliza nina kosa kubwa kiasi gani, akanipa panga.

Nimekata ya kutosha hadi Pasaka.