Chemchemi ya Mtaa wa Pumba

Lukelo aliiona bahati yake imetuama katikati ya Mtaa wa Pumba, rangi ya chai ya maziwa, na bata wawili wakielea juu yake bila haraka. Mtu wa kawaida angeona dimbwi, angekunja suruali, angelaani, angepita. Lukelo aliagiza chai ya pili, akakaa kulitazama kama mkulima anavyotazama mpunga wake ukichanua.

Tumtendee haki kijana huyu kabla hatujamtendea mengine. Hakuwa mwizi. Mwizi huchukua, Lukelo alipewa, tena kwa kubembelezwa. Alipewa Mafinga, akapewa Kilosa, na Makambako alipewa mpaka akaondoka juu ya lori la viazi, amelala kifudifudi. Ubaya wa kazi hiyo ni kwamba haina mji wa kurudia. Kila alipofanikiwa, ramani yake ya Tanzania ilipungua. Sasa alitaka mavuno mamoja ya mwisho, kisha Tunduma, mpakani, ambako kila mtu ni mgeni na hakuna anayeulizwa alikotoka. Afungue duka la simu. Aoe. Aitwe baba fulani.

Dimbwi lile lilikuwa na wenyewe wawili, na kila mmoja alilikana. Upande huu kulikuwa na mashine ya kukoboa ya mzee Osward, ambayo vilima vyake vya pumba ndivyo vilivyoupa mtaa jina, na ndivyo vilivyoziba mtaro. Upande wa pili lilikuwepo duka la vifaa vya ujenzi la mzee Eustaki, ambaye mifuko yake mitupu ya saruji ilimalizia kuziba pale pumba zilipoishia. Wateja walikuwa wameanza kukimbilia Kibaoni, ambako mtu hununua misumari bila kuloa. Kila mkutano wa mtaa uliwaomba wazee hao wachangie kujenga mtaro upya. Osward alisema biashara ni mbaya. Eustaki alisema atatoa Osward akitoa. Kisha watu walifunga kwa sala wakaenda nyumbani, wakiruka matofali yaliyopangwa majini.

Hayo yote Lukelo aliyapata kwa muuza chai, bila kuuliza swali hata moja. Alisema tu kwamba mji mzuri kama huu, wenye wali usiohitaji mchuzi, kuwa na moyo mchafu namna hii ni aibu. Ukiusifia wali wa Ifakara, Ifakara itakueleza kila kitu.

Kesho yake akaonekana katikati ya mtaa na kizibao cha njano kinachong'aa, utepe wa kupimia, karatasi kubwa iliyoviringishwa, na kigingi chenye ncha nyekundu. Hakusema na mtu. Alipima. Alirudi nyuma, akafumba jicho, akatikisa kichwa, akapima tena. Mtu akipima kimya kimya mahali pa watu, haichukui muda kabla hajazungukwa na watu wengi kuliko darasa la chuo.

Wa kwanza kushindwa kuvumilia alikuwa mzee Eustaki, ambaye alivuka matofali mpaka kwake na kumuuliza anapima nini.

"Shikamoo, mzee. Hilo siruhusiwi kulisema," alijibu Lukelo.

Baada ya jibu hilo hakuna mwenye duka duniani ambaye angerudi dukani. Kwa hiyo Lukelo alilazimika, kwa uchungu mkubwa, kusema. Mpango ulikuwa wa kuhuisha kitovu cha mji. Njia za waenda kwa miguu, taa, mabenchi, miti ya kivuli. Na katikati, chemchemi ya kisasa, maji yakiruka juu na kubadilika rangi usiku. Maharusi wa bonde zima watakuja kupigia picha hapo. Na duka ambalo mlango wake utaitazama chemchemi hiyo, mzee wangu... Lukelo hakuimaliza sentensi. Aliiacha ielee, kama bata.

Ilibaki adabu ya kwanza ya mgeni yeyote mwenye shughuli, yaani kupita kwa mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti huyo alikuwa Mama Digna, Mpogoro wa asili ya Mahenge, kiongozi wa kwaya, mwanamke mwenye sauti ya chini inayosikika mbali. Alimkaribisha sebuleni na kumuuliza ametumwa na nani. Lukelo alijibu kwamba ametumwa na wakubwa, akainua kidole kuelekea juu. Mama Digna akatazama dari, akaona buibui. Alisikiliza habari za taa, za miti na za maharusi, mikono ikiwa mapajani.

"Na maji ya hiyo chemchemi yakisharuka," alisema mwishowe, "yanakwenda wapi?"

Hakuna mji hata mmoja uliowahi kumuuliza Lukelo swali la aina hiyo.

"Yanajizungusha, mama. Kuna mfumo."

"Mfumo."

"Wa kisasa."

"Na haya tuliyonayo, ambayo hayajazunguka tangu Krismasi?"

"Hayo ni awamu ya pili, mama."

Mama Digna alisema masika yako mlangoni. Mwaka uliopita maji yaliingia mpaka kwenye chumba cha watoto wa chekechea nyuma ya soko, na watoto wakakaa nyumbani mpaka matope yalipokauka. Alisema ameomba mtaro huo mpaka sauti ikamkauka. Kisha alimtazama kijana yule kwa muda, kama mtu aliyeona panga zuri mikononi mwa mtu asiyejua kulima, akamtakia kazi njema. Lukelo alitoka akijipongeza. Viongozi, alijiambia, huwa wanataka kuheshimiwa tu.

Kazi ikaanza. Mzee Eustaki alimwita ndani, nyuma ya rundo la mabati, akamwomba kigingi kisogezwe kidogo tu upande wake. Lukelo aliumia waziwazi. Alisema huu ni mpango wa mji, si kabati la kusogezwa. Halafu, kwa kuwa mzee ni mzee, akakubali kuongea na wakubwa, ambao nao ni binadamu na wana mahitaji. Jioni kigingi kilikuwa kimesimama mbele ya mlango wa Eustaki.

Asubuhi mzee Osward alikuwa anamsubiri nje ya nyumba ya wageni. Alikuwa amesikia, hakusema kwa nani, kwamba Eustaki ameshaonana na mtaalamu. Yeye alitaka naye aonane na mtaalamu, tena vizuri zaidi. Kigingi kikahama. Mchana Eustaki akasikia, kigingi kikarudi. Katika mambo yote ya mipango miji hapajawahi kuwa na chemchemi iliyotembea hivyo kabla ya kuzaliwa. Lukelo mwenyewe alishangazwa na kasi. Makambako ilimbidi apande mbegu, apalilie, angoje. Hapa ilikuwa kana kwamba kuna mkono mwingine unaomwagilia shamba lake, maana kila alipomtuliza mzee mmoja, mwenzake alishapewa habari.

Hatimaye alimwambia kila mmoja, kwa siri, kwamba kigingi cha nje ni cha kumzuga yule mwingine. Mahali penyewe pamechorwa kwenye ramani, na ramani inautazama mlango wako, mzee. Wote wawili wakatulia. Wakaanza hata kusalimiana, kila mmoja akimhurumia mwenzake. Mkoba wa Lukelo, uliokuwa umelegea kama tumbo la mtu aliyefunga saumu, sasa haukufungika zipu.

Jumamosi asubuhi alikuwa stendi na tiketi ya Mlimba mfukoni. Huko, mbali na macho ya Ifakara, angedaka treni, na treni ingemfikisha Tunduma. Kizibao alikiacha chini ya godoro la nyumba ya wageni. Alikuwa amevaa suti na viatu vyeusi vya ngozi, maana mtu anayekwenda kuanza maisha hawezi kuyaanza na kandambili.

Akasikia ngoma. Wanawake wa kwaya, waliovaa vitenge vya sare, walikuwa wanakuja wakicheza. Lukelo alisogea kando kuipisha harusi. Harusi ikasogea kando pamoja naye, ikamzunguka. Mama Digna akatokea katikati.

"Mgeni rasmi wetu," alisema. "Mji mzima tunakutafuta. Watu wameshakaa."

Lukelo alisema kuna makosa. Alisema ana safari, ana kikao, ana mgonjwa. Wakati anachagua lipi kati ya hayo ni kweli zaidi, mama mmoja mnene alimwambia kwa upole kwamba kwao mgeni habebi mzigo, akamtoa mkoba mkononi, akauweka kichwani mwake. Na sasa niambie wewe: utamnyang'anya mama mkoba mbele ya stendi nzima, mama anayekuimbia?

*Karibu mgeni wetu, kaa kwenye kiti chetu,*
*Mkono wako ni wetu, mfuko wako ni wetu.*

Alitembea. Mkoba ulitangulia ukicheza, yeye akafuata.

Mtaa wa Pumba ulikuwa umefungwa maturubai. Koleo na sururu zilikuwa zimepangwa kando ya mtaro. Emsii Beatus aliijaribu spika mpaka mbwa wakahama. Wazee Osward na Eustaki walikaa mstari wa mbele wakiwa na makoti, kila mmoja akitabasamu kwa siri yake. Mkoba uliwekwa meza kuu, katikati ya maua ya plastiki na chupa za maji, na Lukelo akaketishwa umbali ambao mkono haufiki.

Mama Digna alisoma risala. Alisema mtaa umeomba mtaro miaka mingi bila kupata. Ndipo akaja kijana huyu, mtaalamu, akafanya kilichotushinda. Alipita kwa mzee Eustaki, akapita kwa mzee Osward, akawaomba mchango wa mtaro, nao wakatoa kimya kimya, wasitake sifa.

"Mchango wenyewe ndio huu," alisema, akaupiga mkoba kofi la upole.

Tabasamu la Osward likadondoka. La Eustaki likalifuata. Walitazamana, na kwa mara ya kwanza kila mmoja akaelewa kwamba na mwenzake alitoa. Wangeweza kusimama na kusema hapana, fedha ile haikuwa ya mtaro. Lakini hapo wangeulizwa ilikuwa ya nini. Wakati wanalitafuta jibu la swali hilo, vigelegele viliwafikia, watu wakawa wanawapa mikono, na bibi mmoja akamvisha Osward kitenge shingoni. Uso wa mzee ulipita katika hasira, ukapita katika aibu, ukafika mahali pazuri zaidi. Alisimama. Alipunga mkono. Eustaki, asiyekubali kuachwa nyuma, alipunga miwili.

Kipaza sauti kikaletwa kwa mgeni rasmi. Lukelo aliutazama mkoba. Aliiona Tunduma, duka la simu na yule mwanamke asiyemjua ambaye angemwita baba fulani. Aliviona vyote vimekaa meza kuu, vinapigiwa makofi. Akisema fedha ni yake, atatakiwa kusema ameipataje.

"Ni kweli," alisema. Ilikuwa sentensi fupi kuliko zote alizowahi kusema mbele za watu.

Kisha akaombwa achimbe koleo la kwanza. Wakamvua viatu, maana hakuna mgeni rasmi anayechimba na ngozi, wakamletea gambuti za mtaa. Aliingia mtaroni na koleo. Mama Digna akashuka naye, akiinamia upande ambao kipaza sauti hakisikii.

"Mimi sijui wewe ni nani," alisema, "na sitaki kujua. Wazee hawa nimewaomba kwa heshima, nimewaomba kwa machozi, hawakutoa. Wewe umewafanya watoe kwa wiki moja."

"Ulijua tangu siku ile ya mfumo?"

"Chimba, watu wanatazama. Kwani unadhani nani alikuwa anamwambia Osward, na nani alikuwa anamwambia Eustaki? Ungekuwa peke yako ungepata nusu."

Lukelo alichimba. Alihisi kitu ambacho hakikuwahi kumpata katika kazi yake yote, nacho kilikuwa wivu.

"Kwa nini hukuita polisi, mama?"

"Wangekukamata, na fedha ingekuwa kielelezo cha kesi. Kielelezo kinakaa kabatini miaka, masika hayakai." Akamwonyesha kwa kidevu nyuma ya mashine ya kukoboa. "Kuna bodaboda pale. Nimeshamlipa mpaka stendi. Nenda sasa hivi, maana Beatus anakaribia kutangaza kwamba tumekuchagua mlezi wa mtaa, na mlezi hapa anachangia kila mwezi."

Hakungoja kuambiwa mara mbili. Alipanda ukingo wa mtaro, akazungukia pumba, na ndipo alipoanza kutembea vibaya. Alidhani ni mshtuko. Alisimama akajitazama: gambuti zote mbili zilikuwa za mguu wa kushoto.

Aligeuka kuvifuata viatu vyake. Vilikuwa juu ya meza kuu, vimesafishwa, na Beatus amekiinua kimoja hewani. Alikuwa anaiambia Ifakara kwamba mgeni rasmi, kwa moyo wake, ameacha viatu vyake vinadiwe kwa ajili ya mfuniko wa mtaro, viatu halisi vya mtaalamu wa mji, nani ataanza. Mzee Osward akataja dau. Mzee Eustaki akasimama, akalipandisha.

"Vipi bro, mbona unachechemea?" dereva wa bodaboda alimuuliza.

"Twende," alisema Lukelo.

Mpaka wanakata kona ya soko, wazee walikuwa bado wanapandishiana.