Somo la Cherehani

Jumatatu, 4 Machi
Kosa la wengi: hudhani "ability" na "aptitude" ni kitu kimoja. Si kimoja. Ability ni uwezo ulio nao tayari. Aptitude ni wepesi wa kujifunza usichokijua bado, kwa kuwa umbile lako linakifaa. Nimemweleza mke wangu haya wakati wa kifungua kinywa. Kasema chai inapoa.

Maktaba inatafuta mwalimu wa Kiingereza wa darasa la jioni. Tumebaki wawili: mimi, mwalimu mstaafu, na shemeji yangu, aliyekuwa mtu wa mapokezi hotelini. Alhamisi kila mmoja atafundisha somo la majaribio, mada ndiyo hiyo. Nalitaka darasa lile. Tangu nistaafu sina wa kumfundisha ila mke wangu, naye anasema alikwisha kuhitimu.

Jumanne, 5 Machi
Mpango umeiva. Shemeji atategemea chaki tu, maskini. Mimi nitamleta jirani yetu, fundi cherehani, na mashine yake. Yeye atashona: hiyo ability. Kisha nitakaa mimi, nisiyewahi kushona hata kifungo, nijifunze mbele ya darasa: hiyo aptitude.

Mke wangu kauliza kwa nini nisifanye mazoezi kwanza. Nikamweleza kwa upole kwamba mazoezi yangeharibu ushahidi.

Alhamisi, 7 Machi
Fundi kashona pindo la pazia la maktaba, limenyooka kama rula. Makofi. Nikakaa mimi. Nikakanyaga. Mashine ikaenda mbio, mkono wa shati ukaifuata. Nikaendelea kueleza, maana mwalimu hakatishi somo. Fundi akanisihi: mzee wangu, toa mguu kwanza. Nilikuwa nimeshonwa pamoja na pazia mpaka kiwikoni.

Dada muuza matunda, mwanafunzi wa mbele, akauliza kama basi mwalimu hana ability, na aptitude pia hana. Darasa zima likaandika.

Shemeji akaja na mkasi. "Tulia, shemeji. Ukichezacheza nitakata na mwenye shati."

Ijumaa, 8 Machi
Mkuu wa maktaba kapiga simu. Kasema hajaona somo lililoeleweka kama langu. Darasa kampa shemeji. Uwezo wa kufundisha ninao, kasema, ila sifai kuachwa karibu na mashine.

Nimetafakari kwa utulivu na nimeliona kosa. Cherehani ni fupi mno. Waliokaa nyuma hawakuona vizuri.

Leo: nenda kwa fundi umeme, uazime ngazi.