Ghala Langu Moja la Picha za Batiki

Jumatatu, 4 Agosti

Ushindi. Kamati ya makumbusho imepitisha mpango wangu wa kuhifadhi picha, kura nne kwa tatu. Picha za vitambaa vyote vya kale vya batiki vya mji wetu wa Lasem sasa ziko chini yangu mimi, Gunarto, fundi redio mstaafu, niliyedharauliwa na mji huu miaka nenda miaka rudi. Mama Retno, au Bu Retno kama wote tunavyomwita, yule mwalimu mstaafu, alitaka kila picha iwe na nakala tatu, moja ikae mji wa jirani wa Rembang kwa dada yake. Nikamwambia hayo ndiyo mazoea ya walimu, kusema jambo moja mara tatu. Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Mpango wangu: diski moja, nyumba moja (yangu), ufunguo mmoja wa kabati la diski (wangu). Basi.

Jumatano, 6 Agosti

Picha hazikuenea kwenye diski. Mwenyekiti wa kamati, Pak Subagyo, kama tunavyomwita kila bwana mzima, akauliza kama tununue kubwa zaidi. Nimekataa. Nyumba ikijaa takataka, mimi sijengi chumba kingine, natafuta ufagio. Ufagio nimeupata: programu inayolinganisha picha na kufuta zinazofanana. Unaichagulia ukali wa kufuta. Nimeweka wa juu kabisa. Mimi si mtu wa nusunusu. Ningsih, mke wangu, alikuwa anakaanga tempe, vile vipande vya soya. Akaniuliza, "Mas, mume wangu, kwani batiki zote si zinafanana?" Nikamwambia ndiyo maana kazi itakwenda haraka. Ikaenda haraka kweli. Zaidi ya nusu zimeondoka. Kisha nikafuta na diski ya zamani ya makumbusho, watu wasije wakachanganyikiwa.

Ijumaa, 8 Agosti

Amekuja Bu Sulastri, mchora batiki wa mtaa wa nyuma. Binti yake anaolewa mwezi ujao. Anataka kumchorea kitambaa chenye nakshi ya marehemu mama yake. Kitambaa chenyewe kiliteketea jiko liliposhika moto zamani. Ilibaki picha tu, nayo mama huyo aliikabidhi kwa makumbusho kabla hajafa. Nikamfungulia picha. Akaitazama, akasema hiyo ni ya ukoo wa Tjoa, wachora batiki wengine wa hapa. "Ya mama ina jani moja limekunjwa, Pak. Lile jani ndilo sahihi yake."

Nikatafuta. Hakuna. Programu iliona jani lililokunjwa na lisilokunjwa ni ndugu, ikabakiza mmoja. Nikamshauri achore hii hii, jani alikunje mwenyewe.

"Nilikunje upande gani?" akaniuliza. "Nilikuwa mtoto kilipoungua."

Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti changu mpaka chai ikapoa. Angepiga kelele ningejua la kumjibu.

Jumamosi, 9 Agosti

Mtu dhaifu angekiri. Mimi nimetengeneza jani. Nilikunja la muhogo, likapasuka. La mgomba, kubwa mno. Mwisho nikamwomba Ningsih akunje ncha ya kitambaa cha mezani, nikaipiga picha, nikaibandika juu ya picha ya akina Tjoa, nikaififisha ionekane ya kale. Kazi safi. Nikampelekea Bu Sulastri, nikamwambia imepatikana.

Akavaa miwani. Akauliza kwa upole, "Pak Gunarto, mbona jani lina mshono wa cherehani?"

Nikajibu pengine mama yake alikuwa mbunifu.

"Mama yangu usimtie kwenye mambo yako," akasema. Akavaa ndala zake akaelekea kwa Bu Retno. Nilimtazama mpaka akakata kona. Sijutii. Chakula cha mchana hakikushuka, lakini nadhani Ningsih alizidisha chumvi.

Jumatatu, 11 Agosti

Kikao cha dharura. Bu Retno akatoa diski kwenye mkoba wake. Kumbe kabla ya kura alikuwa ameshanakili kila kitu akakipeleka Rembang, bila kibali cha mtu. Jani lipo. Limekunjwa kuelekea kulia, kidogo tu. Bu Sulastri aliligusa kwa kidole kwenye kioo cha kompyuta, machozi yakamtoka. Hata Pak Subagyo alifuta miwani.

Mimi niliomba iandikwe katika kumbukumbu za kikao kwamba jani langu lilikuwa kubwa zaidi na lilionekana vizuri. Nikataka pia Bu Retno apewe onyo kwa kuvunja utaratibu. Pak Subagyo akanyoosha mkono. "Ufunguo, Pak Gun. Tusiaibishane mbele ya akina mama." Nikauweka upande wa mbali wa meza, ili ainuke kuufuata.

Bu Retno akanifuata mlangoni, akasema nikitaka atanielekeza namna ya kutunza nakala, si vigumu. Nikamwambia nakala yake imepata sifa kwa sababu mimi nilifuta. Bila mimi ingeozea Rembang. Akaufunga mkoba wake, akaenda zake.

Jumatano, 13 Agosti

Kuna watu bado wanajua thamani ya mtu. Mkuu mpya wa shule ya msingi, mgeni mjini asiyesikiliza umbeya, amenikabidhi picha za madarasa yote tangu shule ifunguliwe. Waliosoma pale watakusanyika mwezi wa kumi, wanataka kujiona walivyokuwa. Akauliza kama zihifadhiwe nakala mahali pengine. Nilimtazama tu, akaona haya, akabadilisha mazungumzo.

Nimezipitia. Watoto wale wale, sare ile ile, mistari ile ile mitatu, mwalimu pembeni amekunja uso. Sijui nani alikuwa akipoteza filamu namna hii. Nimeweka ukali wa juu kabisa, nikaenda kunywa kahawa. Niliporudi, shule nzima imebaki na picha tisa, zote nzuri.

Nimemwandikia mkuu kwamba kazi imekwisha kabla ya wakati, na kwamba zile za awali nimeshazifuta, kumwondolea usumbufu.