Mbu Walioota Ndevu

Jumatatu, 3 Machi
Dakta ameanza jaribio lake kubwa. Mwanamke yule! Anamshika mbu kwa kibano kama anayemvalisha mtoto mchanga hereni. Anasema ubongo wa mbu hutuma vijumbe vya kemikali kuiambia kinga ya mwili iamke au itulie. Kimoja anakidhania ndicho cha kuamsha. Basi: sindano ya kijumbe, kisha bakteria, kisha kuhesabu wazima. Miwani, mtunzaji mwenzangu, kapewa mbu wa kijumbe. Mimi? Mbu wa kudungwa maji ya chumvi matupu, kisha bakteria wale wale! Na ripoti itawashukuru watunzaji hodari kwa majina. Lazima jina langu liwemo. Mama mkwe husema wenzangu wanafuga kuku, mimi nafuga mbu, bintiye atakula mbawa?

Jumatano, 5 Machi
Maafa. Wangu wamekufa thelathini na mmoja. Wa Miwani, tisa tu. Anapita ukumbini akipiga mluzi. Nimepata wazo. Chumba cha kuzalishia kimejaa mbu wazima. Mchana, wenzangu wakila, nimetoa maiti thelathini na mmoja na kuingiza wazima thelathini na mmoja. Mjini shule!

Ijumaa, 7 Machi
Dakta kahesabu. Kahesabu tena. Kasema kwa huzuni kwamba basi alikosea, kijumbe hakisaidii kitu. Miaka minne yote ya kazi yake, bure. Kisha akainamia darubini. Akaniita taratibu:
“Mdogo wangu, hawa majike wangu wameota ndevu lini?”
Kumbe dume ana vipapasio vyenye manyoya kichwani, kama brashi! Na jaribio lilikuwa la majike matupu. Nimejaribu kusingizia joto. Miwani kacheka hadi kaegemea friji. Nikakiri yote.
Hakunifokea. Ingekuwa nafuu. Kanieleza kwamba wa maji ndio mizani yake: bila wao kufa kwa haki, hawezi kujua kijumbe kimefanya nini. Mimi nilidhani nimepewa makapi, kumbe nimeshikishwa mizani! Kisha akavuta kiti, akaanza upya. Mbu mia mbili na arobaini, mmoja mmoja, kwa mkono. Hakuna hata mmoja aliyevunjika bawa. Nimesimama pembeni nikimpokeza vikombe. Watu wa aina hii huzaliwa wangapi?

Jumatano, 12 Machi
Wangu wamekufa thelathini na wanne. Sijagusa hata maiti moja! Wa Miwani, wanane. Dakta kapiga meza kwa furaha: kijumbe kinaiamsha kinga, angalau kwa mbu wetu. Kasema atarudia mara mbili zaidi kabla ya kujigamba. Mimi ningeshaita waandishi wa habari. Kanishukuru kwa vifo vyangu safi. Nimeaga uongo milele.

Ijumaa, 14 Machi
Rasimu ya ripoti imebandikwa ukutani. Nimo! Mke wangu kaja kuipiga picha, mama mkwe kaisoma mara mbili na kuniita “mwanangu” kwa mara ya kwanza. Lakini majina yamepangwa kwa alfabeti. Miwani wa kwanza, mimi chini yake. Haiwezekani. Jumatatu nitamwambia Dakta naumwa jino, niende kwa wakili. Nataka kujua inachukua siku ngapi kuongeza herufi A mwanzoni mwa jina la mtu.