Kitovu Changu Kimenyimwa Haki

Kwa Daktari Mkuu wa zahanati yetu,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni yule kinyozi wa nyuma ya soko niliyeng'atwa na mbwa koko kwenye shavu la mguu. Niliosha jeraha kwa sabuni na maji mengi kama mnavyotufundisha, kisha nikaja kwenu mbio. Sina ugomvi na chanjo. Ugomvi wangu ni mahali ilipochomwa, na malalamiko yangu ni haya:

1. Tangu utotoni tumeambiwa kwamba aliyeumwa na mbwa huchomwa sindano ishirini na moja kuzunguka kitovu. Nilijiandaa kiume. Niliwaaga wateja wangu, mmoja nikamwacha kanyolewa nusu kichwa. Muuguzi wako akanichoma begani mara moja tu, akaniambia nirudi Jumamosi. Hata kope sikupepesa. Nimeaibika sana.

2. Habari za kitovu zilikuwa zimeshatangulia nyumbani. Mke wangu akanipa kiti chenye mto, watoto wakanivua viatu, na mama mkwe, ambaye siku zote huniita "huyo", akaniita mwanangu. Heshima yote hii niilinde kwa sindano isiyoacha hata alama?

3. Hili ndilo zito. Kaka yangu, fundi magodoro, hatusemezani tangu tugombee kabati la marehemu mama. Tukipishana njiani, kila mmoja hujifanya anatazama saa. Aliposikia kitovu, akaja. Alikaa ukingoni mwa kitanda changu, akalitazama tumbo langu kwa huruma, na tangu hapo anakuja kila jioni. Tunacheka mpaka mbavu zinauma. Damu ni nzito kuliko maji, najua, ila yetu ilihitaji kukorogwa na mbwa. Akigundua ni begani tu atarudi zake, nami nitabaki na kabati. Nilikuwa nimemkosa sana kaka yangu, Daktari.

Kwa hiyo naomba Jumamosi nichomwe kitovuni. Kama dawa haitoshi, chomeni maji. Kama na maji hamna, nifungeni bendeji tumbo zima na mnipe cheti chenye muhuri kinachosema "huyu anaumia kweli". Mkikataa sitakuja, na mkisikia kinyozi anabweka sokoni, lawama ni zenu.

Nisalimie muuguzi mwenye mkono mwepesi, mlinzi wa getini, na yule mama wa mapokezi aliyeniita kijana.

Wako mwenye maumivu yasiyotosha,
Kinyozi wa nyuma ya soko

Tanbihi: Kaka amefika nikiwa nafunga bahasha. Ameisoma barua yote, akacheka, halafu akaniambia ukweli. Kumbe mwaka jana naye aliumwa na mbwa, mkamchoma begani hapo hapo kwenu, na jioni ile ya kwanza alipokuja kuniona alijua fika kwamba hakuna cha kitovu. Sindano zake zote alikuja kwenu peke yake, maana mimi nilikuwa nimenuna. Tafadhali chomeni begani. Jumamosi tunakuja wawili.